Januari 20 isipite kimya: matokeo ya kukaidi amri jeshini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo kila mwaka nalitazamia katika magazeti yetu na kila mwaka nalikosa. Ifikapo Januari 12 kurasa hujaa habari za Mapinduzi ya Zanzibar, gwaride na hotuba za viongozi, na ndivyo inavyostahili. Siku nane baadaye huja Januari 20, tarehe ambayo mwaka 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi yetu la wakati huo, waliwakamata maofisa wao usiku wa manane katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakaizingira Ikulu na kushika uwanja wa ndege na kituo cha redio. Siku hiyo hupita kimya. Mimi ni askari mstaafu niliyejiunga na jeshi muda mrefu baada ya tukio hilo, kwa hiyo sisemi kama shahidi. Lakini nidhamu niliyofunzwa depo ilitokana moja kwa moja na fedheha ya wiki ile, na naona ni hasara kuwaacha vijana wanaoingia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) leo, wa mujibu wa sheria na wa kujitolea, wakidhani kwamba matokeo ya kukaidi amri ni kurukishwa kichura na kugaragazwa matopeni.

Nianze na jambo dogo la kambini, kwa kuwa ndilo lililonifundisha kulielewa lile kubwa. Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966 inamtaka askari atii amri halali ya mkubwa wake, na anayekataa hushtakiwa kwa kosa hilo. Katika jeshi nililolitumikia, askari wa namna hiyo hakubishaniwa palepale alipokaidi. Aliandikiwa mashtaka, na siku ya kusikilizwa alivuliwa kofia na mkanda, akaingizwa mbele ya kamanda kwa mwendo wa haraka, katikati ya askari wawili, akasomewa kosa lake akiwa amesimama wima. Namkumbuka kijana mmoja aliyenyimwa ruhusa ya kwenda kumzika babu yake, na usiku huohuo akakataa kwenda lindoni. Hata sajini aliyemwandikia mashtaka alimhurumia, maana sababu yake ilikuwa ya kibinadamu. Aliwekwa mahabusu na mshahara wake ukakatwa. Alipomaliza adhabu ndipo alipopeleka lalamiko lake kwa ngazi, kuanzia kwa kamanda wa platuni hadi kombania na kuendelea juu, likasikilizwa, na ofisa aliyemnyima ruhusa akaonywa. Wapo waliosema haki hiyo ilichelewa. Kwa maoni yangu yalikuwa mashauri mawili na kila moja lilipata hukumu yake: lindo lililoachwa wazi wenzake wakiwa wamelala, na ruhusa iliyonyimwa bila sababu. Siku yanapochanganywa kuwa shauri moja, na silaha ikaingizwa kati, ndipo tunapofika Colito.

Haifai kuyasimulia maasi yale kana kwamba askari wa mwaka 1964 walikuwa wendawazimu. Nchi ilikuwa imejitawala tangu Desemba 9, 1961, lakini jeshi lilikuwa ni lilelile la kikoloni, King's African Rifles (KAR), lililobadilishwa jina na beji. Mkuu wake alikuwa Mwingereza, Brigedia Patrick Sholto Douglas, na Waingereza wenzake ndio walioshika vyeo vya juu. Hata jina la kambi, Colito, lilitokana na vita ambavyo askari wa KAR walipigana Ethiopia mwaka 1941 kwa niaba ya mfalme wa Uingereza. Askari wa kawaida alilipwa shilingi 105 kwa mwezi, wakati vijana waliosoma naye walikuwa wanapanda vyeo katika ofisi za serikali na kujenga nyumba. Mwanzoni mwa Januari 1964 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ajira za serikali zisifuate tena rangi ya mtu bali uraia wake. Ulikuwa uamuzi wa haki, nami nausifu hadi leo, ila sajini aliyekuwa akihesabu siku arithi kiti cha Mwingereza alielewa kwamba kiti hicho hakimwendei tena. Siku hizohizo polisi wapatao 300 walikuwa wamevushwa kwenda Zanzibar baada ya Mapinduzi, na jiji likabaki na ulinzi hafifu.

Madai ya askari yalikuwa mawili: mshahara wa shilingi 260, na Waingereza waondoke. Ukiyaandika madai hayo leo katika barua na kuyapeleka kwa waziri, hakuna atakayeyaona kuwa ya ajabu. Lakini hayakupelekwa hivyo. Oscar Kambona, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, alichukuliwa hadi Colito, akajadiliana nao akiwa amezungukwa na askari wenye bunduki zilizojaa risasi, na alichokubali pale hakikuwa makubaliano kwa maana yoyote ya kisheria. Maofisa Waingereza walipakiwa ndege kwenda Nairobi. Rais alifichwa. Mchana wa siku hiyo maduka ya Waarabu na Wahindi yaliporwa mjini, watu wakauawa, watu ambao hawakuwa na uhusiano wowote na mshahara wa askari wala na cheo cha Brigedia Douglas. Hili nalisisitiza, kwa sababu katika masimulizi mengi ya vijiweni maasi yale huelezwa kama mgomo tu wa watu wenye sare. Mgomo wa makuli bandarini huacha meli bila kupakuliwa. Askari wanaolinda mji wakiacha kutii, mwenye duka Kariakoo hana tena wa kumlilia.

Mwalimu alijitokeza, akasema redioni, akatembea mitaani na kuona uharibifu kwa macho yake. Jeshi lake lilikuwa halimtii. Batalioni ya pili, hapa Tabora, nayo ilikuwa imeasi siku moja baada ya ile ya Dar es Salaam. Januari 24, rais wa nchi iliyojitawala kwa miaka miwili na mwezi mmoja na nusu alilazimika kuomba msaada kwa mtawala wa zamani, na alfajiri ya Januari 25 makomando wa Uingereza kutoka manowari ya Centaur walishuka kwa helikopta karibu na Colito, Brigedia Douglas mwenyewe akiwa pamoja nao. Lango la kambi lilipigwa, askari wachache wakafa, na waliobaki wakasalimu amri muda mfupi baadaye. Waliotaka Mwingereza aondoke ndio waliomrudisha, safari hii akiwa na mizinga. Mwalimu hakuficha kwamba kuomba msaada huo kulikuwa aibu kwake na kwa taifa, na Februari 12 mawaziri wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Dar es Salaam kutafuta namna ya kuwaondoa Waingereza bila kuiacha nchi uchi. Jawabu lilikuwa kuleta batalioni ya jeshi la Nigeria. Kwa miezi kadhaa ya mwaka 1964, Mhariri, mlinzi wa Tanganyika alikuwa askari wa kuazima.

Basi ni nini kilichowapata walioasi? Wengi wao walirudishwa makwao bila kazi. Viongozi wao walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, wakafungwa gerezani. Wapo walioachiwa kwa kukosekana ushahidi, na hakuna aliyenyongwa. Tanganyika Rifles yenyewe ilivunjwa. Septemba 1, 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), likichukua vijana kutoka Umoja wa Vijana wa TANU na JKT, na kambi ya Colito ikaitwa Lugalo, mahali ambapo mwaka 1891 Wahehe waliwashinda Wajerumani. Hadi hapo hesabu ni ya jeshi na askari wake, na hata hiyo si ndogo.

Lakini hesabu haikuishia kambini, na sehemu hii ndiyo isiyosimuliwa. Wakati wa msako uliofuata, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa wakishukiwa kushirikiana na waasi. Februari 1964 shirikisho lao, TFL, lilivunjwa kwa sheria, kikaundwa chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, kilichokuwa chini ya kivuli cha serikali. Januari 28, siku tatu tu baada ya makomando kushuka, Mwalimu aliteua tume ya kuandaa mfumo wa chama kimoja. Sisemi kwamba mfumo huo ulizaliwa Colito, kwa kuwa TANU ilikuwa imekwisha kuuzungumzia kabla ya hapo. Ninachosema ni kwamba serikali iliyoamka ikaona bunduki zake zimegeuzwa kuielekea yenyewe haiwezi tena kumsikiliza kwa utulivu mtu yeyote anayepaza sauti, awe na haki au asiwe nayo. Kuli wa bandari ambaye hakuwahi kushika bunduki alipoteza chama chake huru katika majira yaleyale ambayo askari wa Colito walipoteza kazi zao. Wanajeshi nao, waliokuwa wakikatazwa siasa, walifunguliwa mlango wa kuingia katika chama, na ilichukua karibu miaka 30, hadi vyama vingi viliporudi mwaka 1992, kuwatoa humo.

Kwa kuwa naandika kutoka Tabora, naomba nikae kidogo hapa. Batalioni ya pili ilipoasi, askari walimtaka mmoja wa maofisa wachache Waafrika waliokuwapo, Kapteni Mirisho Sarakikya, awaongoze. Angeweza kukataa akakamatwa pamoja na Waingereza, na angeweza pia kulewa cheo alichopewa na waasi na kukitumia. Hakufanya hata moja kati ya hayo. Aliitumia nafasi hiyo kuwatuliza askari, maofisa wa Kiingereza na familia zao wakaondoka salama, na vikosi vya Uingereza vilipofika Tabora kuwanyang'anya silaha, hapakutokea mapigano. Baada ya miezi michache ndiye aliyekabidhiwa JWTZ awe Mkuu wake wa kwanza, na aliliongoza hadi mwaka 1974. Vijana wa leo wanapita mbele ya picha yake ukutani bila kujua kwamba safari yake ilianzia katika siku hizo mbili tatu za Januari, ambapo sheria ya jeshi haikuwa na ukurasa wowote wa kumwongoza. Maandishi mengi ya wakati ule yameelekezwa Dar es Salaam, ambako kulikuwa na Ikulu, mabalozi na waandishi wa habari. Tabora, ambako ofisa mmoja alionyesha jinsi ya kuuzuia moto usisambae, imepewa mistari miwili.

Majirani zetu walipatwa na jambo lilelile wiki ileile, na hapo ndipo mtu anapoweza kupima matokeo. Uganda ilikuwa Januari 23. Askari wa kambi ya Jinja walimzuilia waziri wao, Felix Onama, na waziri huyo akakubali kupandisha mshahara wa askari wa kawaida kutoka shilingi 105 hadi 265. Waingereza waliitwa huko pia na wakaizingira kambi, na baadhi ya askari wakafukuzwa. Lakini nyongeza ya mshahara ilibaki, wengi wa waliofukuzwa hawakukaa nje muda mrefu, na Waziri Mkuu Milton Obote akaamua kwamba jeshi ni la kubembelezwa. Mwaka huohuo ofisa aliyetokea katika vyeo vya chini vya KAR, Idi Amin, alipandishwa akawa luteni kanali na kukabidhiwa batalioni. Mei 1966 Obote alimtuma kuishambulia Lubiri, kasri ya Kabaka, mfalme wa Buganda, naye akatii. Januari 25, 1971, miaka saba kamili tangu Waingereza waizingire kambi ya Jinja, Obote alikuwa Singapore mkutanoni, na Amin hakutii tena. Wazee wetu walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na Obote alilia akiwa hapa kwetu Dar es Salaam, uhamishoni.

Sidai kwamba Amin alizaliwa na nyongeza ile ya shilingi 160. Yalikuwapo mambo ya makabila, ya dhahabu ya Kongo na ya siasa za Buganda. Hata hivyo askari wa Uganda walijifunza mwaka 1964 kwamba kumwelekezea waziri mtutu wa bunduki kunalipa, na somo hilo halikufutwa na mtu yeyote. Jeshi lililolelewa hivyo ndilo lililovuka mpaka na kuingia Kagera Oktoba 1978, likaua na kupora, na ndilo lililokimbia mbele ya JWTZ hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Wenzangu waliokwenda vita hiyo walinisimulia jinsi walivyokuta silaha nzito zimetelekezwa barabarani, zikiwa nzima. Askari aliyezoea kujipangia amri yake mwenyewe, siku ya risasi hujiamuru kurudi nyumbani.

Kenya ilipatwa Januari 24, katika kambi ya Lanet karibu na Nakuru. Mzee Kenyatta hakujadiliana. Wanajeshi wa Uingereza, ambao walikuwa bado wako nchini, waliitwa usiku huohuo, batalioni ya 11 ikavunjwa, na wahusika wakafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kufungwa. Lakini serikali ileile iliharakisha pia kuwapandisha Waafrika na kuyaangalia maslahi ya askari, yaani ilimwadhibu aliyeasi na papo hapo ikashughulikia kilichomuudhi. Wasomi hubishana ni kipi kati ya hayo mawili kilichosaidia zaidi. Mimi naona kimoja bila kingine kisingefika popote.

Na hata Kenya haikupona kabisa. Agosti 1, 1982 askari wa kikosi cha anga walijaribu kupindua serikali ya Rais Moi, na hadi jioni jeshi la nchi kavu lilikuwa limewazima. Hezekiah Ochuka, askari wa cheo cha chini aliyewaongoza, alikimbilia kwetu kwa ndege, akarudishwa Kenya mwaka 1983, akahukumiwa na kunyongwa mwaka 1987 pamoja na wenzake. Kikosi chote cha anga kilivunjwa, kikaitwa kwa mwaka wa kosa lake, 82, na hakikurudishiwa jina la Jeshi la Anga la Kenya hadi mwaka 1994. Fikiria fundi wa ndege aliyejiunga mwaka 1985, asiye na hatia yoyote, anavaa begani jina la dhambi ya watu wengine. Kamanda wa kikosi hicho, Meja Jenerali Peter Kariuki, alifungwa miaka minne kwa kushindwa kuzuia maasi, na miaka mingi baadaye mahakama za Kenya zikaona kwamba haki zake zilikiukwa. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani kwamba ukali hauna gharama. Adhabu inayotolewa kwa hasira humkamata pia asiyestahili, na jeshi linajua, hata likikaa kimya.

Kwa wanaotaka mfano wa karibuni zaidi, upo Kongo. Machi 2024 serikali ya Kinshasa iliondoa zuio la kunyonga lililodumu tangu mwaka 2003. Mei mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ya Goma iliwahukumu kifo wanajeshi wanane, wakiwamo maofisa, kwa kumkimbia adui, na Julai wengine 25 wakahukumiwa hivyo huko Butembo. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23. Hukumu zile hazikuuokoa mji. Sina nia ya kumtetea askari anayeitelekeza nafasi yake na kumwacha mkulima wa Masisi au Rutshuru peke yake na watoto. Lakini askari hutii chini ya risasi kwa sababu amemwona ofisa wake akiwa naye mahandakini, posho imefika, chakula kimefika, na anaamini kwamba akijeruhiwa atabebwa. Pale ambapo posho imeliwa njiani na ofisa yuko hotelini, hakimu hana la kumwambia askari ambalo litamrudisha handakini. Colito ya mwaka 1964 na Goma ya mwaka 2024 zinafanana katika hili: anayeadhibiwa ni yule wa mwisho katika mnyororo, na aliyeuharibu mnyororo huo mara nyingi hafikishwi hata kizimbani.

Najua msomaji makini ataniuliza kuhusu amri haramu, na asiponiuliza nitashangaa. Sheria yetu inasema amri halali, na neno hilo la pili halikuwekwa kwa kupamba sentensi. Arusha ilikuwa makao ya mahakama ya kimataifa iliyoundwa Novemba 1994 kuhukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda, na kanuni zake zilikuwa wazi kwamba kuamriwa na mkubwa hakumwondolei mtu hatia, ingawa kunaweza kupunguza adhabu. Walikaa pale kizimbani makanali na mameja, na hakuna aliyetoka huru kwa kusema tu kwamba alikuwa akitii. Katika mauaji hayohayo alikuwapo Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, askari wa Umoja wa Mataifa, aliyekuwa chini ya masharti ya kutoingilia kati. Yeye alitoka na gari lake kila siku, akapita vizuizi vya waliokuwa wakiua, akiwatoa watu wachache wachache hadi akaokoa mamia, akauawa kwa kombora Kigali Mei 31, 1994. Mwaka 2014 Baraza la Usalama lilianzisha nishani yenye jina lake. Anayeikiuka amri ili kumwokoa raia asiye na silaha, akijua kwamba atakayelipa ni yeye mwenyewe, hawezi kuwekwa kapu moja na anayeikiuka kwa kumtishia raia. Tofauti hiyo inafundishika, na ifundishwe mapema. Kijana akiachiwa aijifunze mwenyewe kwenye doria, atajifunza vibaya.

Hofu yangu, Mhariri, ni kwamba tumechagua kunyamaza kwa kudhani kwamba kulitaja kosa la jeshi la zamani ni kuliaibisha jeshi la sasa. Ukweli ni kinyume chake. JWTZ ni miongoni mwa majeshi machache ya bara hili ambayo hayajawahi kuiangusha serikali ya nchi yao, na sababu mojawapo ni kwamba waasisi wake walikumbuka kwa uchungu ilikuwaje. Waliokumbuka hivyo wanaondoka mmoja mmoja. Kijana wa mujibu wa sheria anayemaliza kidato cha sita na kupelekwa kambini kwa miezi michache anaambiwa kwamba amri kwanza, malalamiko baadaye, naye anaikariri kauli hiyo vizuri kwa sauti kubwa. Sehemu ya kwanza anaonyeshwa kila alfajiri. Sehemu ya pili, yaani lalamiko lake alipeleke wapi, kwa nani, kwa muda gani, na afanye nini likikaliwa, sijui ni wangapi wanaoonyeshwa. Askari wa mwaka 1964 nao walikariri utii kwa miaka mingi chini ya KAR. Ile sehemu ya pili ndiyo waliyoikosa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza ni kwako: gazeti lako liwatafute wazee wa Dar es Salaam, Tabora na Nachingwea waliokuwapo Januari ile, askari na raia, wenye maduka na makuli, na liwape kurasa zao wakingali hai, badala ya kusubiri tanzia. La pili ni kwa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Jeshi lenyewe lilichapisha kitabu juu ya maasi hayo mwaka 1993, na lilifanya hivyo kwa ujasiri ambao majeshi mengi hayana. Yaliyomo yatolewe kwa Kiswahili chepesi katika kijitabu cha bei ya chini, kigawiwe katika kila kambi ya JKT na kila depo, na kurasa zake za mwisho zieleze, kwa mpangilio na kwa vyeo vinavyohusika, njia ambayo lalamiko la askari linapaswa kupita kutoka kwa kamanda wa platuni hadi mwisho wake.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Askari mstaafu, Tabora